Kilima Kimoja, Presha Mia

Jamani nani aliwaambia watengeneza magemu kwamba mtu akitoka kazini anataka aanze kazi nyingine? Hili gemu la vita ya Stalingrad, mji wa Wasovieti, ni ajira isiyo na mshahara, na mimi ndo nacheza upande wa Wasovieti. Ramani yote imekatwa vipande vya pembe sita, kila kipande kina majirani sita, na mimi majirani zangu karibu wote wamekuja na vifaru.

Kuna kipande kimoja kinaitwa Mamayev Kurgan. Ramani za jeshi zilikiandika mwinuko wa mita 102, yaani Lushoto hicho wangekipanda kabichi wala wasikiite mlima. Ila ukiwa pale juu unauona mji wote na mto Volga wote, mizinga yako inafikia mpaka maboti yanayovusha askari, ndo maana 1942 Wajerumani na Wasovieti walinyang'anyana pale mpaka basi.

Sasa kukichukua wala si shida. Piga mizinga, ita ndege, sukuma askari wa miguu, bendera inapanda na muziki juu. Haya, kaa nacho sasa uone, maana hakuna anayekupigia muziki kwa kubaki! Unabonyeza kumaliza zamu, kompyuta inakuja pande tatu, kikosi kilichokuwa kumi kimebaki wanne na wenyewe hawana risasi. Stalin, kiongozi wa Wasovieti, alitoa amri namba 227 tangu Julai 28, hakuna kurudi nyuma hata hatua moja, ila hawa wangu sijui tangazo halikuwafikia.

Kinachonimaliza ni mahandaki. Kikosi kikitulia sehemu moja kinachimba, kila zamu kinazidi kuwa kigumu, kukitoa ni kazi. Lakini kinachoka, ukisema ukitoe ulete kingine, kile kipya kinaingia hakina hata shimo la kujificha kichwa, kinakula kichapo hapohapo. Ukisema basi uongeze watu kwenye kile cha zamani, unaletewa vijana hawajawahi kushika bunduki, ule uzoefu wote unashuka, tena ukibanwa na maadui hata hao hawafiki wote. Na kila kitu kinavuka Volga kwa boti, ikifika Novemba mto unaleta mabarafu, boti hazipiti, unabaki unaangalia skrini kama umefiwa.

Mama watoto anapita nyuma yangu, "Hicho kilima si ulikichukua jana?" Ndiyo nilikichukua! Kukichukua nimekichukua!

Ndo akaja shemeji, mjuaji wa kila kitu. Eti shemeji unajitesa bure, achana na mji, wazungukeni Wajerumani kwa nyuma, si ndo Wasovieti walivyofanya Novemba 19, wakawapiga Waromania waliokuwa wanawalinda Wajerumani pembeni, siku nne baadaye wakakutana kule mji wa Kalach nyuma yao, mchezo umeisha. Nikamuuliza sasa hao wakienda kuzunguka, hapa mjini anawashikia nani? Jeshi la 62 la Wasovieti, la jenerali Chuikov, lilibanwa pale kwenye ukingo toka Septemba ili hao wengine wapate huo muda wa kuzunguka. Watu wanapenda sehemu ya sherehe tu.

Akasema nipishe kiti nikuonyeshe. Nikampisha. Zamu yake ya kwanza tu akakitoa kikosi kwenye mahandaki, eti kikapumzike maskini. Saa hizi tunapigania stesheni ya treni, na yeye kasema anatoka kidogo kununua vocha.