Manung'uniko yaliyosikilizwa
Nakubaliana na mwandishi wa makala inayosema kwamba mchungaji awashukuru wanaomkosoa, ila natamani shukrani hiyo ionekane katika maamuzi, si katika maneno ya mimbarini pekee. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, Wayahudi wa Kiyunani, yaani waumini Wayahudi waliozungumza Kiyunani, walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume, badala ya kuwaita wachochezi, waliitisha mkutano na kuagiza wachaguliwe watu 7, ambao wote wana majina ya Kiyunani. Yaani inaelekea upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa kazi yenyewe! Basi mzee wa kanisa anayeuliza kikaoni matumizi ya sadaka aonyeshwe daftari la hesabu, wala asiondolewe kwenye kamati kimyakimya.