Kihindi hatujui ila kulia tunalia

Jamani hivi ni nyumbani kwangu tu au na kwenu ni hivyohivyo? Ikifika saa mbili usiku taarifa ya habari hakuna, mpira hakuna, rimoti iko kwa mama mkwe chini ya khanga na huko mimi siwezi kupeleka mkono. Tamthilia ya Kihindi imeanza.

Tamthilia yenyewe sina ugomvi nayo, siku hizi wanazitia Kiswahili, mama wa Mumbai anamsuta mkamwana wake Kiswahili cha Dar kabisa mpaka unahisi ni mpangaji mwenzako. Shida wimbo. Wametafsiri kila kitu, salamu, matusi, hata mtu akiguna wanamgunia upya, halafu wakifika kwenye wimbo, pale jamaa anapomwaga yote ya moyoni, wanaacha Kihindi kilekile! Nikiuliza "anasemaje?" nyumba nzima inanigeukia shiiii. Wanalia. Kihindi hajui hata mmoja wao ila mke wangu kashika upindo wa khanga machoni, dada wa kazi kaacha wali unaungua, mama mkwe anatikisa kichwa anasema "kweli kabisa mwanangu". Kweli nini mama?

Na muvi ndo usiseme. Wimbo unaanzia sokoni, ubeti wa pili wako Uswisi kwenye theluji, stelingi kavaa sweta na koti juu, mtoto wa watu ana sari ya shifoni mgongo wazi na wala hapigi chafya. Yule mtengeneza muvi wa India, Yash Chopra, alivyopenda kupeleka wapenzi wake huko mpaka Waswisi wenyewe mwaka 2016 wakamsimamishia sanamu pale Interlaken. Sawa, lakini nauli katoa nani? Si dakika kumi zilizopita tuliambiwa huyu kijana mama yake anaumwa na hela ya dawa hana?

Juzi nikajitia kimbelembele nikasema jamani huyo Shah Rukh Khan haimbi, anachezesha mdomo tu, leo sauti ya Udit Narayan kesho Kumar Sanu, na hao warembo mnaowalilia, kuanzia wa enzi za babu mpaka wa juzijuzi, wengi wao sauti ilikuwa ya bibi mmoja, Lata Mangeshkar, kafariki 2022 ana miaka 92. Kimya. Mama mkwe akaniangalia kama nimemtukania marehemu mumewe, akasema "baba, wivu si mzuri". Wivu! Mimi na Shah Rukh Khan!

Afadhali marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, yeye alikuwa anachukua mahadhi ya Kihindi anatia maneno ya Kiswahili, basi ukilia unajua unalia nini, ni mapenzi au umesutwa. Huo ndo utu. Ila nikiweka Bhalo naambiwa nizime huko, nyimbo za wazee.

Kijana wangu naye ndo kaharibika kabisa. Tangu Kili Paul, yule kijana wetu wa Kimasai wa mtandaoni, atambe na kuchezesha mdomo nyimbo za Kihindi mpaka ubalozi wa India hapa Dar ukampongeza hiyo 2022, huyu wangu hesabu kaweka pembeni, kila jioni yuko uani na simu anapepesa macho. Nikamwambia mwenzio ana lubega lake na uwanda wa porini nyuma, wewe nyuma yako kuna kamba ya nguo na bukta zangu, India nzima inataka kuona bukta zangu? Akanijibu kwa Kihindi.

Jana umeme umeisha katikati ya wimbo, nikasema moyoni alhamdulillahi. Weee! Wakaumalizia wenyewe gizani, mpaka na vile vinanda wanavipiga kwa midomo, mama mkwe kachukua sehemu ya mwanamume. Walipomaliza ndo nikaulizwa, baba nanihii, luku hununui?