Kisu cha Zamani Kisiguswe na Msasa

Kila ninapokiona kisu cha kukunja cha zamani kikiuzwa huku kinameta kama kimetoka kiwandani jana, huwa nasikitika, kwa sababu aliyekisugua, tena kwa nia njema kabisa, mara nyingi ameshafuta kile ambacho kingetuambia kisu hicho kilitengenezwa lini. Ninaamini kwamba kisu cha namna hiyo hakipaswi kuguswa na msasa wala gurudumu la kung'arishia.

Ushahidi mkubwa wa umri wa kisu huwa kwenye shina la bapa, yaani ile sehemu nene isiyo na makali inayoingia kwenye mpini, ambapo watengenezaji wengi hugonga chapa yao. Chukua mfano wa visu vya W.R. Case & Sons wa Marekani. Kati ya mwaka 1965 na 1969 shina lilikuwa na maandishi "Case XX U.S.A." bila alama nyingine ya mwaka, mwaka 1970 kampuni ikaongeza nukta kumi chini ya maandishi hayo, kisha ikawa inapunguza nukta moja kila mwaka, hata mwaka 1979 ikabaki moja tu. Kwa hiyo kisu chenye nukta tatu za mfululizo huo ni cha mwaka 1977, na anayejua kuhesabu hahitaji kuuliza zaidi. Lakini nukta hizo ni ndogo mno. Ukisugua nukta moja ikapotea, umekifanya kisu kionekane kipya kwa mwaka mmoja. Ukizisugua zote, umekirudisha kwenye miaka ya 1965 hadi 1969, na mnunuzi atakilipia umri ambao hakina. Niliwahi kununua kisu cha aina hiyo kilichokuwa kimeng'arishwa, na chini ya lenzi nikaona nukta mbili zilizofifia, nisijue kama zilikuwa mbili tangu mwanzo au kama nyingine zilikwisha kusuguliwa. Kisu hicho kinaweza kuwa cha mwaka wowote kuanzia 1970 hadi 1978, na hakuna njia ya kukirudishia kumbukumbu yake.

Jina la nchi nalo husaidia. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingizwa nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka, na takwa hilo likaanza kutumika mwaka 1891. Ndiyo maana kisu cha Solingen, Ujerumani, chenye neno "Germany" kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha baada ya hapo, na chenye "West Germany" huwekwa kati ya mwaka 1949 na 1990. Hata hivyo, kukosekana kwa jina la nchi hakuthibitishi kwamba kisu kilitangulia sheria hiyo, kwani si kila kisu kilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani.

Chapa peke yake haitoshi, kwa kuwa bapa linaweza kubadilishwa na chapa inaweza kughushiwa. Ni lazima kisu kizima kikubaliane na chapa yake. Chuma kisichoshika kutu kilianza kujulikana Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 kupitia kazi ya Harry Brearley, kwa hiyo bapa la chuma hicho haliwezi kuwa la asili kwenye kisu kinachodaiwa kuwa cha karne ya 19. Plastiki iitwayo Delrin iliingia sokoni mwaka 1960, kwa hiyo mpini wa plastiki hiyo hauwezi kuwa wa asili kwenye kisu cha kabla ya hapo. Pete ya kufungia bapa la kisu cha Opinel, cha Kifaransa, ilianza mwaka 1955, ingawa zile saizi ndogo kabisa hazina pete hata leo, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani kila kisicho na pete ni cha kabla ya mwaka huo. Mipini ya seluloidi, plastiki ya zamani, inahitaji uangalifu wa pekee: ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaoshambulia chuma, si cha kisu hicho tu bali hata cha visu vilivyo jirani, hivyo visu vyenye mipini hiyo mimi huvihifadhi mbali na vingine na penye hewa.

Sisemi kisu kiachwe kiliwe na kutu. Ile rangi ya kijivu inayotokana na miaka ya matumizi ni ngozi ya chuma na iachwe ilivyo. Kutu nyekundu ndiyo adui, na dawa yake ni mafuta mepesi yaachwe usiku kucha, kisha kijiti cha mti na kitambaa laini, kwa subira, bila kugusa shina. Wauzaji wataendelea kung'arisha maadamu wanunuzi wanalipa zaidi kwa mng'ao. Kwa upande wangu, kabla ya kukubaliana bei, siku hizi naomba picha ya karibu ya shina la kila bapa, na nikiona mikwaruzo ya msasa imepita juu ya herufi, sinunui.