Stesheni Zetu za Zamani Zikaliwe na Watu

Tangu nihamie Uingereza, hakuna nyumba zinazonivutia kama zilizokuwa stesheni za reli vijijini. Ziko nyingi. Mwaka 1963 ripoti ya Dkt. Beeching, mkuu wa shirika la reli la Uingereza, ilipendekeza stesheni zaidi ya 2,300 zifungwe. Reli nyingi za mashambani ziking'olewa, majengo yakauziwa watu.

Kuyageuza hakukuwa kazi kubwa, maana mengi yalikuwa nusu nyumba tangu mwanzo: stesheni masta aliishi humo humo na familia yake. Jirani zangu wanakaa katika moja. Iliyokuwa ofisi ya masta ina dirisha lililochomoza nje ya ukuta, vioo pande tatu, ili aone reli huku na kule bila kuinuka kitini. Leo mama mwenye nyumba anashonea hapo, kwa ajili ya mwanga. Kidirisha cha tiketi kipo bado, sahani za chakula zinapitia hapo kutoka jikoni. Jukwaa la kupandia treni limekuwa baraza, na palipokuwa na reli pameota nyasi. Ukikaa ukingoni, miguu inaning'inia. Shida yao ni baridi tu: ukumbi wa abiria una dari ya juu mno, na kuupasha moto ni gharama.

Kwetu Kenya shida hiyo haipo. SGR, reli mpya, ilipoanza 2017, treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma, na stesheni ndogo za Ukambani zikabaki kimya. Kwa hali ya hewa yetu zilijengwa kwa akili sana: paa la mabati linateremka hadi kufunika varanda, ukuta unakaa kivulini, upepo unapita.

Inaniuma kuona zinaachwa. Sisemi ziuzwe, tumeshaona ardhi ya umma inavyonyakuliwa. Zikodishwe kwa miaka mingi, kwa masharti. Mwalimu au muuguzi wa hapo kijijini akae, atengeneze paa, lakini asiguse varanda, kidirisha cha tiketi, wala ubao wa jina unaoonyesha kimo cha stesheni kutoka usawa wa bahari. Huku Uingereza, stesheni iliyo kwenye orodha ya urithi haibadilishwi bila kibali. Sisi nasi tuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, itumike.

Jengo lisilo na mtu huanza kuvuja, kisha mabati yanaibwa, kisha milango. Kazi ianze na zile ambazo paa bado lipo.