Mara 675 za nini?

Jamani, hivi wauza darubini za kutazama nyota wa mtandaoni wanatuonaje? Kila tangazo ni lile lile: "Inakuza mara 675! Ilikuwa laki sita, leo laki na nusu tu!" Mara 675 kwa lenzi ya milimita 60? Thubutu! Ukuzaji wenye maana hauzidi kama mara mbili kwa kila milimita ya upana wa lenzi ya mbele. Milimita 60, mwisho mara 120. Ukipita hapo unakuza ukungu. Galileo, yule mtazama nyota wa Italia, aliiona miezi minne ya sayari ya Mshtari mwaka 1610 kwa darubini ya mara 20 hivi. Ishirini!

Na picha ya kwenye boksi je? Mawingu ya nyota, zambarau na waridi, yaliyopigwa na Hubble, darubini ya angani yenye kioo cha mita 2.4, tena iko huko juu nje ya hewa yetu! Mtoto anachungulia akisubiri rangi zile, anakuta kidoa cha kijivu. Nani atamfuta machozi?

Halafu stendi. Eti stendi! Gusa tu kurekebisha lenzi, sayari ya Zohali inacheza sindimba. Ukisubiri itulie, imeshatoka kwenye lenzi, maana dunia inazunguka, haikusubiri wewe.

Upana wa lenzi, kitu cha kwanza kinachotuhusu, wengi hawaandiki. Ukiuliza: "Inaona mbali sana, bosi." Mbali wapi? Mwezi hata kwa macho matupu tunauona! Sema milimita ngapi, au niachie hela yangu ninunue darubini ya macho mawili, ya 10x50: inakuza mara 10, lenzi milimita 50.