Vita vya Maji Maji: Mganga Amelaumiwa, Njaa Imesahauliwa

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini wapiganaji wa Maji Maji, walioinuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1905 dhidi ya utawala wa Wajerumani, walishindwa, hahangaiki. Anaandika silaha duni, anaandika ukosefu wa umoja, kisha anaweka ile hoja ambayo msahihishaji anaisubiri: imani za kishirikina. Waliamini kwamba kwa dawa ya maji waliyopewa na mganga risasi zingegeuka maji, hazikugeuka, wakafa. Alama zinapatikana na anahamia swali linalofuata.

Jibu hilo lina watetezi wa haki na linastahili kusikilizwa. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge, wakitembea wazi kuelekea kwenye bombomu mbili, yaani bunduki za rashasha. Walikatwa kama mabua. Mtu mwenye mkuki anayejua risasi itampata hatembei hivyo. Huinama, hujificha, husubiri usiku. Waliotembea wima walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wameahidiwa jambo, na ahadi ile iliwaua. Kule Ungoni hali haikuwa tofauti sana. Wangoni waliposhambuliwa kambini mwao Namabengo mwezi Oktoba mwaka huohuo, walitawanyika na imani yao katika dawa ikatawanyika nao. Anayesema kiongozi hana haki ya kuwapa watu kinga asiyoweza kuithibitisha anasema jambo zito, na sioni namna ya kumpinga.

Ila kalenda hailiungi mkono jibu lile. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu aliyeigawa dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza Umatumbi. Mahenge ilikuwa bado wiki tatu na ushei. Mwisho wa Oktoba sehemu kubwa ya wapiganaji walikuwa wameshajua kwa macho yao kwamba maji hayazuii risasi. Kama ushirikina ndio uliowashinda, vita vingekwisha hapo. Havikuisha. Viliendelea mwaka wote wa 1906 na kuingia 1907, vikipiganwa na watu wasiokuwa na dawa yoyote ya kutegemea, kwa kuvizia njiani na kujificha msituni. Yaani sehemu ndefu zaidi ya vita hivi ilipiganwa na watu waliokwisha kuacha kuamini maji, na hiyo ndiyo sehemu ambayo daftari la mwanafunzi halina hata mstari mmoja juu yake.

Ni nini basi kilichowashinda hao?

Njaa. Na si njaa ya bahati mbaya. Mwaka 1905 ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimweleza gavana wake jambo ambalo kila mwalimu wa historia angepaswa kulisoma mbele ya darasa: kwamba hatua za kijeshi peke yake zingekuwa tone tu baharini, na kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Kazi ikafanyika hivyo. Vikosi vilipita kijiji kwa kijiji vikichoma nyumba na maghala, vikikata mtama na mahindi yaliyokuwa bado shambani, vikichukua mifugo. Watu waliokimbilia porini walikosa msimu wa kupanda. Waliorudi walikuta hakuna mbegu.

Hapo naomba tusimame kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo inayosema. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika waliokufa kuwa 75,000. G.C.K. Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyekusanya simulizi za wazee wa kusini katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, ambayo huenda ni theluthi moja ya watu wote wa eneo la vita. Upande wa pili walikufa Wazungu 15, askari Waafrika 73 na rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi wa Kiafrika, wapatao 316.

Chukua hata makadirio madogo, yale ya mkoloni, ambaye hakuwa na sababu ya kuyakuza. Jiulize watu 75,000 wameuawa na risasi wapi. Mahenge, pambano kubwa kuliko yote, waliokufa wanahesabiwa kwa mamia. Jumlisha Mahenge na Namabengo, jumlisha na mapigano mengine yote yanayotajwa, bado hukaribii. Nenda sasa kwenye makadirio ya Gwassa na utaona waliouawa wakiwa wameshika mkuki ni sehemu ndogo ya msiba. Waliobaki ni mabibi waliokufa wakitafuta mizizi porini, watoto walioharisha, wanaume waliorudi kwenye shamba lisilo na mbegu. Hawa hawakufa kwa kuamini maji. Wengi wao huenda hata maji hawakuyanywa. Lakini jibu la mtihani limewaingiza wote katika kaburi moja na kuandika juu yake “ushirikina”.

Athari zake hazikuisha 1907. Sehemu kubwa ya Ungindo na nchi jirani ilibaki na watu wachache, msitu ukarudi, wanyama wakarudi, na mbung'o pamoja nao. Mbuga kubwa ya Selous, ambayo tangu 2019 sehemu yake imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, inagusa ardhi ambayo watu waliwahi kuilima. Mtalii anaambiwa hii ni pori la asili.

Sasa turudi kwa swali la nani kwanza alisema ni ushirikina. Gavana Gustav Adolf von Götzen alikuwa na kazi ngumu ya kuwaeleza wakubwa wake Berlin kwa nini koloni limewaka moto akiwa madarakani. Jibu moja lilikuwa: kwa sababu ya sera zangu. Tangu 1902 utawala wake ulikuwa umewalazimisha watu wa pwani na kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya akida na jumbe, wasimamizi wa serikali vijijini, kazi waliyoifanya wakiacha mashamba yao ya chakula. Malipo yalikuwa ya kudhalilisha: Uzaramo, mgawo wa mwaka wa kwanza ulikuwa senti 35 kwa mtu, na wapo waliokataa hata kuupokea. Ongeza kodi. Ongeza kiboko. Ongeza sheria za uwindaji zilizowazuia wakulima kutega na kuwinda kama zamani, huku nguruwe mwitu wakila mazao. Jibu la pili lilikuwa rahisi zaidi kwa gavana: waganga wamewapumbaza watu. Götzen alilipenda hilo la pili, na si vigumu kuelewa kwa nini. Linamwondoa yeye kwenye kesi.

Ndiyo maana inanikera kuona utetezi wa mshitakiwa umegeuka kuwa hukumu, tena katika madaftari ya vitukuu vya walioshitaki.

Na hayo maji yenyewe yalikuwa nini? Maji, mafuta ya nyonyo na punje za nafaka. Dawa ya vita haikuwa kitu kigeni kusini. Kilichokuwa kigeni ni dawa moja kwa watu wote. Kabla ya hapo kila ukoo ulikuwa na mganga wake, na dawa ya Mmatumbi haikumhusu Mngindo. Kuanzia 1904 watu walimiminika Ngarambe kwa Kinjikitile kutoka pande nyingi, na waliporudi makwao walirudi na kitu walichokuwa nacho sawa na mtu wa kabila la mbali ambaye zamani wangekutana naye kwa mapanga tu. Habari zilisambazwa kwa mnong'ono, mtu kwa mtu, jumbe wa serikali akiwa haambiwi. Watu walifanyishwa mazoezi ya kivita kwa kisingizio cha kwenda kutibiwa. Na dawa haikuwa ya risasi peke yake, kwani watu waliifuata pia kwa ajili ya mvua, mazao na kinga dhidi ya wanyama waharibifu. Mtu aliyekwenda kutafuta dawa ya nguruwe alirudi na dawa ya Mdachi, na hakuona kwamba ni safari mbili.

Kwa miezi michache watu kutoka Rufiji hadi Ruvuma, wasio na mfalme mmoja wala lugha moja wala simu, walishika silaha kwa jambo moja. Hakuna chombo kingine kilichokuwepo 1905 ambacho kingeweza kufanya hivyo. Hakukuwa na chama wala gazeti la kuwaunganisha. Na Kinjikitile mwenyewe, kwa simulizi za wazee, aliwaambia watu wasubiri hadi awape amri. Wamatumbi wa Nandete hawakusubiri. Julai 1905 waling'oa miche ya pamba, na hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Pamba, angalia. Hawakuanza na kanisa wala bendera.

Sipendi hata hivyo kuuvusha upande huu kupita mahali pake. Wapo waliougeuza Maji Maji kuwa taifa la Tanzania lililozaliwa kabla ya wakati, makabila yote bega kwa bega. Haikuwa hivyo. Wahehe, ambao miaka saba tu kabla ya hapo walikuwa wamempoteza mtemi wao Mkwawa, aliyejiua akisakwa na Wajerumani haohao, hawakuingia vitani, na wapo waliopigana upande wa boma. Mtemi Kiwanga wa bonde la Kilombero naye alishika upande wa Wajerumani. Askari waliokuwa wakichoma maghala walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa kabisa. Watafiti wa miaka ya karibuni, Jamie Monson na Thaddeus Sunseri wakiwa miongoni mwao, wameonyesha kwamba kila eneo liliingia vitani kwa hesabu zake: ugomvi wa zamani na jirani, deni kwa mtemi, hofu ya kuachwa nyuma. Huo umoja ulikuwepo, lakini ulikuwa na matundu, na ukweli huu unaisumbua hoja yangu zaidi kuliko unavyoisumbua ile ya ushirikina.

Nyerere aliujua utata huo. Alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alisisitiza kwamba watu hawakuinuka kwa sababu ya kiapo cha kishirikina bali kwa wito wa asili wa kutaka kuwa huru. Alikuwa mwanasiasa anayejenga hoja ya uhuru, na hapo alilivuta jambo upande mmoja, akiyafuta maji kabisa kana kwamba yanamtia aibu. Mimi ningeyaacha maji yawepo. Yaliwaunganisha watu na yaliwadanganya watu, yote mawili kwa wakati mmoja, na mwanafunzi wa miaka 16 ana akili ya kutosha kubeba mawili.

Wanafunzi wa fasihi, kwa kweli, wana bahati kuliko wenzao wa historia. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969, Kinjeketile ni mtu anayeteswa na shaka kuhusu neno alilolitoa mwenyewe, na mwishoni anakataa kukana maji ingawa kukana kungempunguzia mateso. Huyo ni mhusika wa jukwaani. Lakini darasa lililojadili shaka yake linauliza maswali ambayo darasa la historia, mlango wa pili, limeyafunga kwa nukta moja ya kukariri.

Kama ni lazima sababu za kushindwa ziorodheshwe, na najua ni lazima, mpangilio ungebadilika. Kwanza ningeiweka sera ya kuunguza chakula, kwa sababu ndiyo iliyomaliza vita na ndiyo iliyoua wengi. Kisha bombomu na meli zilizoleta wanajeshi wa ziada. Kisha wale waliobaki nje au wakapigana upande wa pili. Maji yangekuja baada ya hapo, yakielezwa kuwa chanzo cha hasara kubwa ya miezi mitatu ya kwanza, jambo ambalo ni kweli na halihitaji kupambwa. Mtu anaweza kubishana nami juu ya nafasi ya pili na ya tatu. Juu ya ile ya kwanza sijui angebishana kwa ushahidi gani.

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mahali ambapo viongozi wa Wangoni walinyongwa mwanzoni mwa 1906, Songea Mbano akiwa mmoja wao, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wa pale. Serikali zilizotangulia zilichukua zaidi ya karne kufika hapo. Ila Wajerumani wa wakati uleule walikuwa wameshakiri kwa namna nyingine, bila kutamka. Götzen aliondoka 1906 na nafasi yake ikashikwa na Albrecht von Rechenberg. Gavana huyo mpya hakuanza na kuwasaka waganga kijiji kwa kijiji, kama ambavyo angefanya mtu anayeamini kwamba tatizo lilikuwa uganga. Mashamba ya pamoja ya pamba yaliachwa. Rechenberg akataka Mwafrika alime zao la biashara shambani mwake mwenyewe na auze mwenyewe, na kwa hilo akagombana na walowezi muda wote wa utawala wake.