Sauti ya Sita

Jazi ilizaliwa na utani wa wanyama mdomoni. Kwenye santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa, mwaka 1917, klarineti inawika kama jogoo, korneti inalia kama farasi, tromboni inalia kama ng'ombe. Punda wakamsahau. Mimi mtu wa Lamu ningemsahauje? Hapo ndipo nilipojiponza.

Nilikuwa naandikia kikundi cha kupuliza ambacho hujui leo watakuja nani. Kundi kama hilo huliandikii ala, unaliandikia sauti. Nikapanga 5: ya kwanza inabeba wimbo, ya pili inarukaruka juu yake, ya tatu inajaza, ya nne inateleza, ya tano ni besi. Noti ile ile kila ala huandikiwa kwa jina lake, kwa hiyo kila sauti nikaichapa kwa C, kwa B fleti na kwa E fleti, anayefika aokote karatasi ya ala yake. Bluzi ya mizani 12 (kila mizani mapigo 4) katika B fleti: tarumbeta anasoma C, saksafoni alto anasoma G, wote wanatoka pamoja.

Uchokozi wote, yaani mlio wa punda, niliuweka sauti ya nne, ya tromboni. Mrija wa tromboni ukivutwa kutoka nafasi ya 7, ya mbali kabisa, hadi ya 1, ya karibu, bila kubadili mdomo, sauti inapanda nusutoni 6 (hatua ndogo za noti), kutoka E hadi B fleti. Ukiandika zaidi ya hapo inakatika katikati kama kwikwi. (Asipokuja mtu wa tromboni, saksafoni tenor ipande noti moja moja mbiombio. Haichekeshi vile.) Ili utani usikike nikawanyamazisha wengine: pigo moja la wote, tromboni mapigo 3, halafu mapigo 4 ya kimya kitupu.

Chumbani ilitoka safi. Jioni tukahamia Mkunguni, mbele ya ngome, ambapo mzee mmoja alikuwa amepumzisha punda wake watatu wa mchanga.

Tromboni ikapanda. Kimya changu, kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, kilikuwa sekunde 2. Punda wa kwanza akajibu, na punda akianza hana habari ya mizani: avuta, atoa, avuta, atoa, mpaka pumzi imwishie mwenyewe. Wa pili akadakia. Mpiga tuba, ambaye sote tulikuwa tunahesabu kwake, akacheka, na midomo inayocheka haishiki tuba. Besi ikafa. Klarineti akaingia mizani ya 9, tarumbeta yuko ya 7, alto anatafuta karatasi iliyopeperuka. Watu wa barazani walipiga makofi, wakiwaangalia punda.

Siku hizi kwenye kile kimya naweka kibao cha mti kigongwe kila pigo, hesabu isimtegemee mtu mwenye meno.

Mzee akanisogelea. "Mwalimu, hawa wangu malipo yao ni ngapi?"

"Mzee wangu, hawa hawakufanya mazoezi."

"Na hao wako?"